Shimo Lisiloshika Maji

Kuna mambo mengi ambayo mwanamke wa Kimatengo husamehewa. Akiunguza maharage atasamehewa. Akikosa kwenda jumuiya atasemwa wiki moja, kisha watu watachoka. Lakini shimo lisiloshika maji hasamehewi. Ngolo ni ngolo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, wanawake wakachimba udongo wa katikati na kuzifukia, mpaka mlima mzima unabaki matuta na mashimo, mashimo na matuta. Mvua ikinyesha, kila shimo linakamata maji yake na udongo haukimbilii bondeni. Likitokea moja linalovuja, aliyelichimba anajulikana, na jina lake linafika sokoni kabla yake.

Jina la Kunigunda lilikuwa limefika masoko yote. Alipoolewa na Nicholaus alipewa kipande kilichokuwa kichaka, juu kabisa ya ntambo, yaani ule mgongo wa mlima ambao ukoo mzima unaulima. Alikifungua kwa mikono yake mwenyewe. Mashimo yote yakashika maji isipokuwa moja, lililokuwa karibu na jiwe kubwa lenye umbo la ng'ombe aliyelala. Msimu uliofuata akageuza, penye shimo akaweka tuta. Shimo jipya lililokuwa pembeni nalo likanywa maji yake yote. Akashindilia udongo kwa nyayo. Akabeba mfinyanzi kichwani kutoka mtoni. Akasali novena. Maji yalikuwepo jioni, asubuhi hayapo. Mama mkwe wake, Hedwiga, alikuja kutazama, akaegemea jembe lake, akasema maneno mawili tu: "Tumeoa chujio."

Basi jina likashika. Kila ilipofanyika ngokela, ile kazi ya kusaidiana ya kuhama shamba hadi shamba, wanawake wakifika penye lile jiwe walianza kukohoa kwa namna yao, na Kunigunda alicheka pamoja nao, kwa sababu usipocheka utalia. Alizaa, akalea, akaitwa Mama Placidi, akapata wajukuu. Chujio likabaki palepale.

Lakini Hedwiga naye alikuwa na lake. Bibi huyo alidai kwamba alibatizwa chini ya ardhi. Alisema kuwa wakati wa vita ya kwanza ya Wazungu, mapadre walipoondolewa na askari walipokuwa wakizunguka milimani kukamata watu wa kubeba mizigo, wazee wa ntambo walijificha katika pango la mlima huuhuu, na katekista aliyeitwa Bernadi akambatiza yeye humo, mtoto wa siku chache. Pango lenyewe liko wapi? Hajui. Homa kubwa iliyofuata ile vita ilimchukua mama yake, ikawachukua na wengine waliojua. Watoto walimsikiliza, wakaitikia, "Ndiyo, Mama," kisha wakakonyezana. Kunigunda alikuwa wa kwanza kukonyeza. Ndivyo walivyoishi wale wawili, kila mmoja na neno lake lisiloaminika, kila mmoja akilicheka la mwenzake.

Kwaresima ya mwaka tisini na tano Hedwiga akatangaza kwamba mikono imechoka. Baada ya Pasaka atalikabidhi jembe lake. Halikuwa jembe la dukani. Lilifuliwa na wahunzi wa zamani, likaisha hadi likabaki nusu ya upana wake, na ndilo lililotangulia katika kila ngokela ya ukoo. Anayelishika ndiye anayesema leo tunaanza kwa nani, na akisema amesema. Kwa umri lilikuwa la Kunigunda, mke wa mtoto wa kwanza. Ila Hedwiga alisema mbele ya watu, "Jembe langu haliendi mahali maji yanapopotelea," akamtazama Benadetha, mke wa mtoto wa mwisho, ambaye mashimo yake yalishika maji kama vyungu. Kunigunda alilitaka jembe lile. Hakumwambia mtu, hata Nicholaus, lakini alilitaka kwa moyo wote, na usiku wa Ijumaa Kuu, wakati wa kumfikiria Bwana msalabani, alijikuta analifikiria jembe.

Hapo ndipo Katekista Leopold alipoleta habari ya safari. Jumatatu ya Pasaka parokia ilikuwa na desturi ya kwenda Emau, matembezi ya kuwakumbuka wale wanafunzi wawili waliokutana na Bwana njiani, na Emau yao siku zote ilikuwa ileile: watembee mpaka chemchemi, wale mihogo, waimbe, warudi. Lakini mwaka ule kahawa ilikuwa imepanda bei, na wanunuzi binafsi walikuwa wanapigana vikumbo milimani wakitafuta kupendwa. Mmoja wao alitoa lori lake bure kwa siku nzima pamoja na dereva. Leopold alikuwa mtu ambaye haoni tundu bila kutaka kuhubiri ndani yake. Alisema hapana chemchemi mwaka huu. Wataenda kuyaona makanisa ya chini ya ardhi, mapango ambamo mababu walisali kwa kujificha. Moja liko chini kidogo ya barabara. La pili liko Lipingo, ziwani. La tatu ni lile la Bernadi.

"Hilo la tatu liko wapi, Katekista?" watu wakauliza.

"Hilo tutalitafuta," alijibu Leopold, na Hedwiga, aliyekuwa kwenye benchi la mbele, akageuka nyuma na kuwatazama wanawe mmoja mmoja.

Waliondoka alfajiri huku mvua ya usiku ikiwa imekatika punde tu. Hedwiga alikaa mbele kwa dereva, Wendelin, kijana mwenye maneno mengi aliyemwamkia shikamoo mara tatu kwa kuogopa fimbo yake. Nyuma watu walibanana pamoja na kreti za soda, ndizi, na redio kaseti ya Leopold. Benadetha alivaa gauni la mitumba lenye mabega yaliyosimama, akawa anachukua nafasi ya watu wawili, na alipoambiwa hivyo akacheka na kuyaminya mabega chini, nayo yakasimama tena. Watu walikuwa na furaha ya waliotoka katika miaka ya foleni ya sabuni. Waliimba Aleluya mpaka ng'ombe wa kando ya barabara wakakimbia.

Pango la kwanza lilikuwa jembamba. Leopold alitangulia kuingia, kama inavyompasa kiongozi, akafika kiunoni, akakwama. Ile kahawa iliyopanda bei ilikuwa imempandisha na tumbo. Hakukata tamaa. Akiwa nusu ndani na nusu nje alianza kueleza habari za wazee waliosali humo, na sauti yake ikawa inatoka chini kwa mbali, huku waumini wakisikiliza kwa heshima mbele ya suruali yake. Hedwiga alicheka mpaka akahitaji kushikwa. Wakamvuta kwa miguu, wakamkung'uta udongo, wakaendelea na safari.

Kuteremka hadi ziwani kulichukua nusu ya asubuhi. Nyasa ilipoonekana, ya buluu mpaka ng'ambo, wote waliinuka wakaanza kusema kwa pamoja. Lipingo walipokewa na Mwalimu Nazari, Mnyasa na Mwanglikana, mwalimu wa shule ya msingi ambaye babu yake alisali katika pango la kwao kipindi kilekile. Aliwatania kwanza, kama ilivyo ada. Aliwauliza kama kweli huko kwao watu hulala kwenye mashimo, na Hedwiga akamjibu kuwa hulala kwenye mashimo kwa sababu samaki wa Wanyasa wananuka mpaka milimani.

Pango lilikuwa chini ya mawe makubwa nyuma ya ufuko. Unaingia kwa kutambaa, kisha linafunguka ukasimama. Waliwasha mishumaa waliyobaki nayo ya mkesha wa Pasaka. Kulikuwa na mchanga chini, msalaba uliochongwa ukutani, na weusi wa moshi wa zamani. Nazari alisali kwa Kinyasa, Leopold kwa Kiswahili, Hedwiga kwa Kimatengo, na Kunigunda akaona maneno yote matatu yanatoshea humo bila kusukumana. Alikuwa anafikiri hivyo tone la maji lilipomwangukia shingoni. Akainua mshumaa. Kwenye dari palikuwa na ufa uliozibwa kwa jiwe, na pembeni ya jiwe maji yalikuwa yanatoka, tone kwa tone.

"Mwalimu, haya maji yanatoka wapi?"

"Juu yetu kuna shamba la mihogo la shangazi," alisema Nazari. "Hapo palikuwa tundu la moshi. Wazee waliliziba, wakapanda mihogo juu yake ili askari akipita aone shamba tu. Mpaka leo mvua ikinyesha, pale juu maji hayatuami. Kwingine kote madimbwi, pale pakavu. Shangazi aliamini kwamba amerogwa, akahangaika kwa waganga mpaka uzee wake."

Kunigunda alibaki ameinua mshumaa. Nta ikamdondokea kidoleni, wala hakuisikia. Maji yanaingia jioni, asubuhi hayapo. Penye jiwe la ng'ombe aliyelala. Ukigeuza tuta, yanahamia pembeni, lakini ni palepale.

Nje walikula ugali wa muhogo na usipa, wale dagaa wa Nyasa, waliotoka motoni punde tu, na kila mtu alisifu. Kunigunda alikula bila kujua anakula nini. Aseme? Akisema na asipatikane kitu, itakuwa chujio limetafuta visingizio hadi chini ya ardhi. Hapo jembe litakwenda kwa Benadetha siku hiyohiyo, na hadithi yenyewe itasimuliwa kwenye msiba wake. Akinyamaza, huenda bado kuna bahati kidogo. Aliamua kunyamaza. Alijiona mwerevu lori lilipokuwa likipita kando ya ziwa, na katika kupanda mlima akajiona mwoga.

Mvua iliwakuta njiani. Lori likateleza, likakaa upande, wote wakashuka kusukuma, hata gauni la mabega likapakwa tope na mwenye gauni akaimba kwa nguvu zaidi. Walipofika kwenye ntambo yao mvua ilikuwa imeacha na jua la alasiri limetoka. Mlima wote ulikuwa unang'aa. Kila shimo la ngolo lilikuwa limeshika maji yake, na katikati ya matuta maharage machanga yalikuwa yameinua majani mawili mawili.

Walitafuta pango la Bernadi. Walipita kwenye makorongo, wakachungulia chini ya kila jabali, Wendelin akapanda mpaka kwenye miti. Leopold alipiga magoti mbele ya tundu moja kwa matumaini makubwa, akatoka nungunungu. Mwishowe watu wakaanza kuangalia njia ya kwenda nyumbani kunywa chai.

"Ndugu zangu," alisema Leopold, "Mungu anasikia hata juu ya ardhi. Tusali hapahapa."

Hedwiga alikuwa ameketi juu ya lile jiwe la ng'ombe aliyelala, fimbo magotini. Hakulalamika, na hapo ndipo Kunigunda alipoogopa, kwa kuwa hajawahi kumwona mama mkwe wake akiacha kulalamika. Bibi aliuangalia mlima kama mtu anayeangalia mlango ambao wenyeji hawafungui. "Labda niliota," alisema polepole. "Labda mama aliniambia ili nisilie."

Kunigunda alimhurumia kuliko alivyowahi kumhurumia mtu. Huyu mwanamke aliyemwita chujio alikuwa anakaribia kufa akiwa mwongo machoni pa watoto wake, na yeye Kunigunda amekaa kimya kwa ajili ya jembe. Alisogea mbele yake.

"Mama," alisema, "naomba jembe lako."

"La nini?"

"Nichimbe shimo langu."

Watu walicheka, kile kicheko cha kukohoa. Kunigunda hakucheka safari hii. Alinyoosha mkono akawaonyesha. Huku maji, huku maji, kila shimo limejaa mpaka ukingoni. Na pale, hatua chache kutoka kwenye jiwe, shimo moja tupu, udongo wake umelowa tu, na mvua haijapita hata saa nzima.

"Lipingo mwalimu alisema juu ya pango maji hayatuami," alisema. "Mimi nimebeba mfinyanzi, Mama. Nimeshindilia. Maji yananipotea, lakini lazima yanakwenda mahali."

Hedwiga alilitazama shimo. "Benadetha," aliita, "kalete jembe langu, liko kwenye banda pale chini." Lilipofika akalishika mwenyewe kwanza. "Mkamwana, ukikosa utalirudisha, na neno la shimo hilo sitalisikia tena mpaka nife."

"Nikikosa, Mama, nitakuwa mpishi wa ngokela. Sitashika jembe tena."

"Na maharage yako, dada?" aliuliza Benadetha.

"Maharage yataota mengine," alijibu Kunigunda, akainama.

Jembe lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani na likakata kuliko alivyodhani. Alipanua shimo kwa kufumua tuta la pembeni alilolitengeneza mwenyewe mwezi uliopita, akashuka chini ya nyasi zilizoanza kuoza, akaendelea. Udongo, kisha udongo mweusi, kisha udongo. Jasho likamwingia machoni. Aliinua tena na kushusha, na jembe likagonga jiwe kwa sauti iliyokwenda mbali, sauti ya kitu kilicho wazi kwa chini.

Hapo heshima ilikwisha. Leopold aliruka shimoni na viatu vyake vya Pasaka. Wendelin alikimbia kuleta mtaimbo wa lori. Wanaume wakaondoa udongo kwa mikono mpaka likaonekana bamba la jiwe, pana, limelazwa juu ya mawe mengine mawili kwa ustadi, na nyufa zake zimezibwa kwa vijiwe vidogo. Walipolisukuma, hewa ya baridi ikawapiga usoni, na mbele yao yakawa matundu ya kukanyagia yaliyochongwa kwenye mwamba, yakiteremka.

"Walilima ngolo juu ya mlango," alisema Hedwiga. Alikuwa amesimama bila kushikwa na mtu. "Askari anapita, anaona shamba la mwanamke, anakwenda zake. Waliufukia vizuri mpaka na sisi tukapotea."

"Katekista, tangulia," mtu mmoja alisema.

"La, la," alisema Leopold akilishika tumbo lake. "Leo atangulie mwenye kanisa."

Hedwiga alimpa Kunigunda mkono. Waliteremka pamoja, polepole, mkamwana akiwa mbele na mshumaa, mama mkwe nyuma akimwegemea begani kwa uzito wake wote. Ndani hakukuwa kukubwa. Watu wa lori moja wangetosha kwa kubanana, na walibanana kweli. Msalaba ulikuwa umechongwa ukutani, mkono mmoja mrefu kuliko wa pili, kama umechongwa na mtu mwenye haraka. Chini ya msalaba palikuwa na jiwe lililochimbwa likawa bakuli. Na bakuli lilikuwa limejaa maji.

Yalikuwa maji safi, yamesimama, yameshika miali ya mishumaa yote. Juu yake kulikuwa na ufa, na kutoka kwenye ufa tone liliteremka, likaanguka katikati, maji yakatikisika kidogo yakatulia. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mvua ya leo ilikuwa inawasili. Mvua ya jana ilikuwa imeshafika, na za miaka yote nyuma yake.

Kunigunda alianza kulia, na hakujaribu kujizuia. Hedwiga alipiga magoti kwa shida, akachovya vidole, akafanya ishara ya msalaba. Kisha akachovya tena, akamgeukia mkamwana wake, akampaka maji kwenye paji la uso, kama anavyopakwa mtoto.

"Nilibatizwa hapa," alisema.

"Ulibatizwa hapa, Mama."

"Na shimo lako lilikuwa linashika. Sisi ndio hatukujua linayaweka wapi." Alimfuta maji yaliyokuwa yanamtiririkia puani. "Nimekuita chujio kwa miaka mingi. Nisamehe, mwanangu."

Mtu mmoja akaanzisha Aleluya, nadhani Benadetha, na ndani ya mwamba sauti za watu wale waliochoka na safari zikawa nyingi kuliko wao wenyewe. Nicholaus aliyekuwa nyuma kabisa, mtu asiyeimba hata Krismasi, aliimba akakosea kila neno. Wendelin aliyesema asubuhi kuwa yeye ni dereva tu, hana habari na mapango, aliuliza kama mtu anaweza kubatizia mtoto hapa, kwa kuwa mke wake anakaribia kujifungua.

Walipopanda juu jua lilikuwa bado lipo. Soda zilizobaki zikafunguliwa na kila mtu akawa anasimulia namna alivyojua tangu zamani kwamba pale pana kitu. Kunigunda alilipangusa lile jembe kwa kanga yake, udongo wote, akaenda kwa mama mkwe wake na kumnyooshea kwa mikono miwili.

Hedwiga hakulipokea. "Mkono huu una fimbo," alisema, "na huu una soda. Nilishike kwa mguu? Kaa nalo. Kesho uniambie tunaanza shamba la nani."

Benadetha alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele, na mabega ya gauni lake yakapanda mpaka masikioni.

"Tutaanza hapahapa," alisema Kunigunda. "Nimeharibu tuta. Nitalipanga upya, mlango tuuachie njia, na hili shimo safari hii nitaliziba kwa mfinyanzi mzuri wa..."

"Uzibe nini?" Hedwiga alimkatiza, na fimbo ikainuka kama zamani zote. "Hilo shimo usiliguse. Liache linywe."